Kwa Zuhura, kuhusu mama wa Claresholm

Shoga yangu Zuhura,

Sisi huku Calgary, Kanada, wazima, baridi tu. Habari ya kwamba kura zako za udiwani hazikutosha niliipata juzi, na tangu hapo namfikiria mama mmoja ambaye mji wake, Claresholm, naupita kila ninapokwenda Lethbridge.

Aliitwa Louise McKinney. Alikuwa mwalimu, akaolewa na mkulima, akazunguka miaka mingi akipiga vita ulevi. Mwaka 1917 alichaguliwa kuingia bunge la jimbo la Alberta. Yeye na Roberta MacAdams ndio wanawake wa kwanza kuchaguliwa kuwa wabunge katika himaya nzima ya Mwingereza. Wanawake wa Alberta walikuwa wamepata kura mwaka mmoja tu nyuma, tena si wote: wengi wa wenyeji wa asili walisubiri hadi 1965, na hilo linaniuma.

Lakini sikiliza. Zamani zile mume aliweza kuiuza nyumba na shamba, mke yuko jikoni hana habari. Mkumbuke shangazi yako alivyotolewa kwake na watoto na sanduku moja. McKinney na wenzake, akiwemo Henrietta Muir Edwards, walilipigia kelele jambo hilo mpaka ikapita sheria: mume hauzi wala haweki rehani nyumba wanayoishi bila ridhaa ya mkewe, na mjane hatolewi humo maisha yake yote. Ilipita mapema 1917, yeye akiwa bado hajachaguliwa!

Bungeni alikaa miaka minne. Uchaguzi wa 1921 akaanguka, hakurudi tena. Kisha, akiwa raia wa kawaida, alitia sahihi ombi pamoja na wanawake wenzake Emily Murphy, Nellie McClung, Irene Parlby na huyo Edwards, kudai kwamba kisheria mwanamke ni “mtu” anayeweza kuteuliwa kuwa seneta. Mahakama ya Juu ya Kanada ikawakatalia 1928. Wakakata rufaa London, kulikokuwa na neno la mwisho wakati ule, na Oktoba 1929 wakashinda. Alifariki 1931, pale pale Claresholm.

Zuhura, zile karatasi za viwanja vya wajane wa mtaani kwenu, ulizoanza kuzikusanya kabla ya kampeni, bado unazo? Usimrudishie mtu. Nitakupigia Jumapili jioni tuzipange moja moja.

Nisalimie mama na watoto.

Wako,
Mwanaidi