Mjomba, usibakize dawa moja

Shikamoo mjomba wangu.

Nimesikia kwamba kati ya dawa zako tatu za mapafu sasa unameza moja tu, ile isiyogombana na tumbo lako, na mbili umezitia kwenye kopo juu ya kabati. Aliyeniambia usimtafute, kasema kwa huruma. Nikikupigia simu kila mara unanijibu "mzima tu, mwanangu", ndiyo maana nimeandika. Nimeandika hadharani kwa sababu hauko peke yako katika kumeza dawa hizi kimyakimya. Binti yako atakusomea.

Nianze na hiyo dawa moja, maana ndiyo iliyoninyima usingizi. Vijidudu vilivyo kwenye mapafu yako ni ndugu wa TB ila si TB. Huishi kwenye udongo na maji, na vikikuta pafu lenye makovu ya TB ya zamani, kama lako na langu, vinaweka makazi. Azithromaisini ndiyo nguzo ya matibabu, lakini ukiibakiza peke yake bila rifampisini na ethambutoli, vijidudu vinaizoea. Vikishaizoea, mjomba, kuvitoa ni kazi ngumu mno. Kama zimekushinda, nenda kliniki ukaseme zimekushinda. Usichague mwenyewe ya kubakiza.

Zinachosha, najua. Mimi nilimeza miezi 17. Mitano ya kwanza ilipita hadi makohozi yakaoteshwa maabara yasiote kitu, kisha 12 mingine juu yake, kwa kuwa mwaka mzima wa dawa huhesabiwa kuanzia hapo, si kuanzia kidonge cha kwanza. Siku nilipoelewa hesabu hiyo nililia kwenye bajaji kutoka kliniki mpaka Chikongola.

Kichefuchefu kilinitesa kuliko yote. Rifampisini inataka tumbo tupu, basi nikawa naimeza alfajiri, na hadi saa nne asubuhi natapika tu. Nilidhani ndivyo inavyopaswa kuwa. Nilipokuja kusema, nikaruhusiwa kumeza usiku kabla ya kulala, na uji mwepesi wa mtama kidogo. Haikupita wiki mbili nikaanza kutamani samaki. Na wewe waulize hilo. Ila vile vidonge vyeupe vya kutafuna vya kiungulia, ulivyozoea kuwa navyo mfukoni, usivimeze pamoja na dawa hizi, vinazizuia kuingia mwilini. Mkojo wa rangi ya chungwa usikutishe, wala machozi, wala jasho linalotia doa kwenye kanzu. Ni rangi ya dawa tu.

Waambie pia kuhusu dawa zako za presha. Rifampisini hulifanya ini liziondoe mwilini haraka baadhi ya dawa za presha, hivyo presha inaweza kupanda ingali unameza vizuri. Wakupime kila ukienda.

Sasa macho. Unakumbuka msimu ule wa korosho nilipokuja Newala? Tulikuwa tunaokota chini ya mikorosho, mabibo mekundu yamelala kwenye majani mabichi, mimi nayapita, wewe unarudi nyuma yangu kuyaokota. Ukasimama ukaniuliza, "Mpwa wangu, haya huyaoni?" Nilikuwa siyaoni. Nyekundu na kijani zilikuwa zimeanza kufanana machoni mwangu, na mimi nilisingizia jua. Kesho yake ukanipandisha gari kwa pesa yako. Daktari aliisimamisha ethambutoli siku hiyohiyo, na rangi zikanirudia polepole kwa miezi kadhaa. Ningechelewa, huenda zisingerudi. Wewe ndiye uliyeyaokoa macho haya, mjomba, nami sikuwahi kukushukuru vya kutosha.

Kwa hiyo ukirudi kwenye dozi yako, kila asubuhi funika jicho moja kwa kiganja, soma namba za kalenda ukutani, kisha funika la pili. Zikififia, au rangi zikichanganyika, usingoje tarehe ya kliniki. Usingoje pia weupe wa macho ukigeuka manjano, hiyo ni ini linalia. Kwa ajili ya ini hilohilo nakuomba uraka, hiyo pombe ya mabibo, uupishe mwaka huu, hata wakikukaribisha jirani. Masikio yakivuma, sema. Mimi nilinyamaza wiki tatu bure, kumbe dozi ya azithromaisini ilipunguzwa kidogo tu na mvumo ukaisha.

Na kupuliza salfa kwenye mikorosho waachie vijana. Vumbi lile halifai kwa kifua chako.

Kuna jambo moja limeniuma zaidi ya kopo la dawa. Nasikia unakula peke yako, una sahani yako na kikombe chako, ukihofia kuwaambukiza wajukuu. Kama makohozi yameonyesha si TB, vijidudu hivi kwa kawaida haviambukizwi kwa kula pamoja wala kukaa pamoja. Muulize daktari mbele yangu, usikie kwa masikio yako.

Nakuja Jumamosi, gari la asubuhi. Lile kopo literemshe, usitupe kitu wala usianze kumeza upya kabla sijafika. Jumatatu tutakwenda nalo kliniki pamoja. Mimi ni mtoto kwako, siwezi kukugombeza. Jumamosi hiyo nitaomba tule sinia moja.

Mpwa wako, Mtwara