Kikao cha Jumamosi: kuchagua masomo ya mwanzo chuoni

Habari za jioni wapendwa, wazazi wetu na vijana.

Jumamosi hii saa nane mchana tukutane katika ukumbi ule ule wa kanisa hapa Columbus, tuchague masomo ya muhula ujao. Tuwahi tafadhali, ukumbi tunao hadi saa kumi tu.

1. Njoo na simu au kompyuta yenye akaunti yako ya chuo.
2. Ambaye hajajaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali wa kulipia chuo, tutamsaidia. Fomu ni bure, usimlipe mtu akujazie.
3. Mchango ni dola 5 za chai na fotokopi, apewe mweka hazina.

Nawaomba sana tuisome orodha ya Ohio Transfer 36 kabla ya kujiandikisha. Masomo yaliyomo, kama uandishi wa Kiingereza, takwimu na utangulizi wa saikolojia, hupokewa na vyuo vikuu vyote vya umma vya Ohio ukihamia huko baadaye. Mdogo wetu mmoja alichukua somo nje ya orodha. Alikuwa akitoka zamu ya usiku, analala kwa muda wa saa tatu tu, anakwenda darasani. Alipohamia chuo kikuu halikuhesabiwa kwenye shahada yake. Iliniuma, maana nilikuwepo akijiandikisha.

Na wenye zamu za usiku, anzeni na masomo mawili. Somo la krediti 3 ni saa 3 darasani kila wiki, na kama 6 nyingine nyumbani.

Andika NAKUJA hapa kabla ya Alhamisi jioni, na idadi ya watoto utakaokuja nao. Akina mama wawili wamekubali kuwaangalia.

Asanteni sana.