Mkunga akiuliza kuhusu bangi, ajibiwe nini

Mhariri,

Mama anapoanza kliniki ya wajawazito hupigwa maswali mfululizo: hedhi ya mwisho lini, hii mimba ya ngapi, kwenu kuna kisukari? Humo humo hupenya swali la sigara, pombe na bangi. Jibu huwa "hapana" hata swali halijaisha, maana hudhurio la kwanza ndilo mume huombwa kuja kupima VVU, naye kakaa hapo pembeni. Swali hili liulizwe mama akiwa peke yake, hata kama ni zile dakika mbili za kitanda cha kupimia tumbo. Na mkunga anayeuliza, "Wewe hutumii bangi, eti?" ameshajijibu mwenyewe.

Wengine huogopa kikopo cha mkojo, wakidhani kitawaumbua. Mkojo wa kliniki huangaliwa protini, sukari na maambukizi. Damu hupimwa wingi wake, kundi, VVU, kaswende na malaria. Bangi haimo. Asipoambiwa, mkunga hajui.

Sasa, "nilivuta zamani" ni jibu pungufu. Zamani ya miaka 3 kabla ya mimba mkunga ataisikia na kuendelea na kazi, wala haina haja ya kumkosesha mama usingizi. Zamani ya mwezi uliopita, kabla mama hajajijua kuwa ni mjamzito, ni habari nyingine, kwa sababu THC, kemikali inayolevya, hukaa kwenye mafuta ya mwili na kwa aliyekuwa akivuta kila siku huchukua wiki kadhaa kuisha. Jibu linalomsaidia mkunga ni kama hili: "Nilikuwa navuta msokoto mmoja karibu kila jioni, nachanganya na tumbaku, niliacha nilipokosa hedhi ya pili." Kama ilikuwa skanka, aseme, kwani ni kali kuliko bangi ya kawaida. Kama aliila au kuinywa kwenye chai, aseme pia.

Tumbaku huwa inasahaulika. Moshi wowote, wa bangi au wa sigara, una kaboni monoksaidi inayokalia nafasi ya oksijeni kwenye damu. Aliyeacha bangi akabaki na sigara hajatoka kwenye moshi.

Mkunga akishajua, afanye nini? THC hupita kondo la nyuma, na kuendelea kuvuta kumehusishwa na watoto wa chini ya kilo 2.5 na wanaozaliwa njiti. Kwa hiyo futikamba ipewe uzito wake: kuanzia wiki ya 24 hivi, sentimita za kimo cha mfuko wa uzazi hukaribiana na wiki za mimba, na zikipungua kwa 3 mama apelekwe ultrasaundi. Bila taarifa ile, ni rahisi kusema tumbo dogo ni la ukoo wao.

Wapo wanaovuta ili kutuliza kichefuchefu. Ajabu ni kwamba bangi nyingi ya muda mrefu nayo hutapisha, na dalili yake ya pekee ni kupata nafuu mtu anapooga maji ya moto. Akificha, atawekewa dripu, ataruhusiwa, atarudi, atawekewa tena.

Bangi inaweza kuachwa siku hiyo hiyo. Hasira, kukosa usingizi na kukosa hamu ya kula huanza ndani ya siku 1 au 2, huwa kali wiki ya kwanza, kisha hupungua katika wiki ya pili. Heroini haiko hivyo: kuikata ghafla na mimba tumboni ni hatari, na tiba yake ni methadoni, inayotolewa Muhimbili tangu mwaka 2011. Ndiyo maana anayetumia vyote viwili asitaje kimoja tu.

Hata uchungu ukiwa umeshaanza, bado hajachelewa kusema. Bangi iliyovutwa karibuni hukimbiza mapigo ya moyo, na ketamini, dawa ya usingizi ya chumba cha upasuaji, nayo huyakimbiza. Mtoa dawa ya usingizi anahitaji kujua saa ya mwisho ya kuvuta. Hana haja ya kujua ilinunuliwa wapi.

Linabaki suala la kadi. Hofu ya polisi huzungumzwa sana, lakini kwa wengi hofu kubwa ni kadi ya kliniki, kwa sababu inarudi nyumbani na mama mkwe anajua kusoma. Mkunga anaweza kuweka maelezo kwenye jalada la kituo, na kwenye kadi akaandika tu "angalia jalada". Mama ana haki ya kuuliza kabla kalamu haijagusa karatasi: "Dada, hili utaliandika wapi?"

Muuguzi mkunga,
Morogoro