Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa TCU: Tuacheni tuandae kozi za mtandaoni kwa timu

Kwa Katibu Mtendaji,
Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU)

YAH: WAHADHIRI WA MBEYA NA IRINGA KUANDAA NA KUFUNDISHA KOZI ZA MTANDAONI KWA PAMOJA

Mheshimiwa Katibu Mtendaji,

Salaam kutoka Mbeya. Nafundisha Taaluma za Maendeleo, somo ambalo karibu kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza nchini hulisoma, apende asipende. Barua hii ingeweza kupitia kwa mkuu wa idara, ikapanda kwa mkuu wa kitivo, ikakufikia ikiwa imebaki aya mbili. Nimeamua kuiandika hadharani kwa sababu ninachoomba kinazidi uwezo wa chuo kimoja.

Naomba kazi ya kuandaa na kufundisha kozi ya mtandaoni kwa timu, hasa timu ya wahadhiri wa vyuo tofauti, ihesabiwe kuwa kazi. Ihesabiwe kwenye saa za kufundisha, na ihesabiwe pia mtu anapoomba kupanda cheo.

Hali ya sasa unaifahamu. Vyuo vingi vina mfumo wa kufundishia mtandaoni, mara nyingi Moodle, ambao ni wa bure na umekuwepo tangu 2002. Semina nazo zipo. Siku mbili hotelini, mtaalamu anatuonyesha pa kubonyeza ili kupakia faili, tunapiga picha ya pamoja, tunasaini posho, na Jumatatu kila mmoja anapakia slaidi zilezile alizokuwa akizitumia darasani. Mwanafunzi wala hazifungui huko. Anasubiri CR, yaani kiongozi wa darasa, azirushe kwenye grupu la WhatsApp. Hapo ndipo tunapotangaza kwamba tunafundisha mtandaoni. Semina sizilaumu (posho naipokea kama wenzangu), ila zinatufundisha kuutumia mfumo tu. Namna ya kuandaa kozi hatuambiwi.

Piga hesabu kidogo. Kwa utaratibu wetu krediti moja ni saa 10 za mwanafunzi kujifunza, kwa hiyo kozi ya krediti 12 ni saa 120. Mihadhara ya saa tatu kwa wiki, kwa wiki 15, inachukua saa 45. Zinabaki saa 75, ambazo kwenye mtaala tunaziita za kujisomea, na kwa kweli hakuna aliyekaa chini kuzipanga. Jumatano jioni, mwanafunzi akiwa chumbani kwake Iyunga au Kihesa, hakuna kati yetu anayejua anatakiwa awe anafanya nini. Kozi nzuri ya mtandaoni ni ile iliyozipanga saa hizo 75: asome nini, kisha afanye nini kwa alichokisoma, ampelekee nani, na ajibiwe lini. Hiyo ni kazi ya miezi, tena ya watu kadhaa. Anahitajika anayelijua somo, anayejua jinsi watu wanavyojifunza, anayeujua mfumo, na mwalimu wa chuo kingine atakayeisoma rasimu bila kukuonea haya na kukwambia kwamba zoezi lako la wiki ya nne halihusiani kabisa na mtihani uliotunga.

Wenzetu walishaliona hilo zamani. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1969, kiliandaa kozi zake kwa timu: wahadhiri kadhaa, wahariri na watayarishaji vipindi wa BBC, rasimu ikikosolewa mezani kabla haijamfikia mwanafunzi. Na sisi tunacho Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, chenye vituo Mbeya na Iringa. Uzoefu wa zaidi ya miaka 30 wa kumfundisha mwanafunzi asiye mbele yako uko mtaa wa pili, na ni mara chache sana tunakwenda kubisha hodi.

Nitoe mfano kutoka somo langu, kwenye mada ya miundombinu na viwanda baada ya uhuru. Hapa Mbeya nina TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Mwanafunzi wangu anaweza kwenda stesheni, akakaa na mstaafu wa reli, akauliza mizigo ilikuwa mingi lini na ikapungua lini. Mwenzangu wa Iringa ana kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kule Mufindi, kilichojengwa na serikali kisha kikabinafsishwa. Kila mmoja anafundisha cha kwake. Wanafunzi wangu wanamaliza mwaka bila kuisikia Mgololo, na wa kwake wanaijua TAZARA kwa kuisoma kwenye slaidi moja.

Sasa tuseme kozi ni moja na walimu wake ni sisi wawili. Wiki ya sita tunawapanga wanafunzi wawiliwawili, mmoja wa Mbeya na mmoja wa Iringa. Kila mmoja anarekodi sauti ya dakika tatu akisimulia alichokiona na alichoambiwa, anamtumia mwenzake, na mwenzake lazima aulize maswali mawili. Wiki inayofuata wanaandika pamoja ukurasa mmoja tu: kwa nini mradi mmoja ulibaki mikononi mwa serikali mbili na mwingine ukauzwa, na nani alipata au alikosa nini. Mimi peke yangu zoezi hilo siliwezi, wala yeye. Tena ni jepesi kwa bando, maana sauti haili data kama video.

Na kwa kuwa nimeitaja video: mwaka 2014 watafiti walichambua takribani mara milioni 7 ambazo watu walitazama video za kozi kwenye jukwaa la edX, wakaona kwamba uvumilivu wa mtazamaji huishia kwenye dakika sita hivi. Sisi bado tunarekodi mhadhara wa saa mbili, feni ikivuma nyuma, halafu tunashangaa kwamba hakuna aliyefika mwisho.

Kufundisha pamoja kuna matatizo yake na sitayaficha. Mihula ya vyuo haianzi siku moja. Kwenye jukwaa la majadiliano, darasa la mamia ya wanafunzi linahitaji watu wa kujibu. Mhadhiri mmoja hutoa majibu wiki ya kwanza, ya pili anachoka, ya tatu anapotea. Watano wakigawana zamu, kila mmoja akasimamia wiki za mada anayoimudu, jambo linawezekana. Alama zibaki kwenye chuo cha mwanafunzi, wala tusianze vita ya matokeo. Kuhusu nani mwenye kozi, tunaomba Tume itoe mfano wa makubaliano: majina ya waandishi yabaki kwenye kozi, na kila chuo kilichoshiriki kiruhusiwe kuitumia na kuirekebisha.

Utaniambia vyuo vinashindania wanafunzi, havitashirikiana. Kwenye uhandisi au sheria huenda. Lakini sijapata kumwona mzazi aliyemchagulia mwanawe chuo kwa sababu ya ubora wa Taaluma za Maendeleo. Ndiyo maana napendekeza tuanzie huko, na Stadi za Mawasiliano zifuate.

Jambo la ukaguzi wa ubora wa kozi linahitaji uangalifu. Neno hilo likitajwa tu, sisi wahadhiri tunakimbilia mafaili, na kozi inapambwa kwa ajili ya mgeni. Kule Maryland, Marekani, mpango uitwao Quality Matters, ulioanza 2003, hutumia wahadhiri watatu kuisoma kozi ya mwenzao kwa vigezo vilivyoandikwa na kumrudishia maoni ya kurekebisha. Wanaipima kozi, mwalimu hawampimi. Tungependa kitu cha namna hiyo, na ripoti yake ibaki kwa timu mpaka watakapokuwa wamerekebisha.

Fedha? Mradi wa HEET, wa kuboresha elimu ya juu, uliidhinishwa mwaka 2021 kwa dola milioni 425 za Benki ya Dunia, na majengo tunayaona, tunashukuru. Sehemu ndogo tu ya fedha za aina hiyo ingelipa walimu wa muda watushikie madarasa kwa muhula mmoja tukiandika. Muda ndio unaokosekana. Hoteli tunazo za kutosha.

Narudi kwenye kupanda cheo, kwa sababu bila hilo mengine yatakufa taratibu. Makala ya kurasa 12 kwenye jarida ina pointi zake. Kozi iliyoandikwa na watu watano kwa miezi minane, ikapitiwa na watatu wa nje, ikasomwa na maelfu, haijawa na mahali pa kuandikwa kwenye fomu nilizowahi kujaza. Mhadhiri msaidizi mwenye akili timamu atachagua makala, nami nitamshauri hivyo hivyo.

Kwa hiyo tunaomba barua moja kutoka ofisini kwako kwenda kwa wakuu wa vyuo vya Mbeya na Iringa: kozi moja, mwaka mmoja wa majaribio, kila mhadhiri wa timu apunguziwe saa sita za kufundisha kwa wiki katika muhula wa kuandaa, na kozi ikikamilika na kupitiwa ipewe pointi sawa na makala. Rasimu ya wiki ya sita ninayo. Ofisi yako ikipenda kuwa ya kwanza kuikosoa, nitaituma kesho.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhadhiri wa Taaluma za Maendeleo,
Mbeya