Kwa wazazi wa Katuba, Lubumbashi, wenye watoto wa mwaka wa sita wa primeri

Baba na Mama wa kartie yetu, pamoja na nyinyi wanangu mnaomaliza primeri mwaka huu,

Nawasalimu wote. Tangu baridi ianze, jioni haipiti bila mtu kubisha kwangu na buletini, ile karatasi ya alama za mtoto, mkononi. Swali ni lilelile: Mwalimu, tumpeleke wapi? Wengine wamekwisha kuchagua. Wanataja shule za kibinafsi za mjini na za kartie ya Golf, zenye basi lao na sweta yenye nembo, nao wanataka tu niwasaidie kuandika barua ya maombi. Nimefundisha hesabu sekondari miaka 34, na miaka mingi kati ya hiyo nilisimamia testi ya kuingia mwaka wa kwanza, ule ambao siku hizi unaitwa wa saba. Badala ya kumjibu kila mmoja mlangoni, nimeona heri niwaandikie wote pamoja.

Nianze na jambo linalonikosesha usingizi. Mnaniuliza shule gani itampokea mtoto. Kupokelewa si kazi kubwa, maana shule ya kulipia inatafuta wanafunzi kama vile nyinyi mnavyotafuta shule. Mimi ningependa mniulize shule gani mtoto ataimaliza.

Mwezi wa tatu mwaka 2006 nilikuwa nafundisha katika shule moja ya kulipia hapa mjini. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Asubuhi hiyo prefe, mkuu wa shule, alinipa karatasi yenye majina ya watoto ambao minervali yao, yaani pesa ya shule, haikuwa imelipwa, niyasome kabla ya somo. Katika darasa langu la mwaka wa tatu walikuwa 11. Nikasoma. Wakafunga mifuko yao wakatoka, nami nikageukia ubao. Tulikuwa kwenye equation za digrii ya pili. Baada ya kama robo saa nikasikia darasa limenyamaza kwa namna isiyo ya kawaida, nikatazama dirishani. Msichana mmoja kati ya wale 11 alikuwa amesimama nje, kaye lake, yaani daftari, ameliegemeza kwenye nondo za dirisha, ananakili. Maji ya bati yalikuwa yanamdondokea bega la kushoto, na kila alipomaliza mstari alifuta ukurasa kwa mkono wa sweta. Sikumwita aingie. Nilichofanya ni kuandika polepole na kwa herufi kubwa, mpaka msimamizi alipokuja kumwondoa. Hakurudi tena mwaka ule.

Mtoto yule alikuwa na akili, na baba yake hakuwa mzembe. Alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi. Wakubwa mnakumbuka: watu walikaa miezi mingi bila mshahara, kisha mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaondoka kwa ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kila mmoja na hesabu yake mkononi. Baba huyu alichukua pesa yake, akampeleka binti kwenye shule ambayo zamani aliona watoto wa wakubwa wake wa kazi wakisoma. Mwaka wa kwanza alilipa wote mara moja. Wa pili alilipa kwa shida. Wa tatu pesa ikawa imekwisha. Nilipokutana naye baadaye soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, aliniambia neno ambalo sijalisahau: “Mwalimu, maisha yangu yote kampuni ndiyo iliyosomesha watoto wangu. Sikuwahi kujifunza kuhesabu minervali.”

Basi tuhesabu pamoja, kwa sababu wengi wetu tumezaliwa ndani ya kampuni ile na hatukufundishwa hesabu hii. Tuseme shule inaomba dola 40 kwa mwezi. Mnasema, Mungu atasaidia, 40 si nyingi. Mwaka wa shule ni miezi 10, kwa hiyo ni dola 400. Mpaka diploma ni miaka 6: wa saba, wa nane, kisha minne ya humanite, yaani sekondari ya juu. Hiyo ni dola 2,400 kwa mtoto mmoja, kabla ya uniformu, viatu, vitabu, pesa ya basi, na malipo ya Examen d’État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, mwaka wa mwisho. Na nyuma yake kuna mdogo wake, na mdogo wa mdogo wake. Tena minervali hutajwa kwa dola wakati mama anauza makala, yaani makaa, kwa franga; siku dola ikipanda, makala hayapandi saa ileile.

Msitegemee kwamba elimu ya bure itawafuata. Ile iliyoanza mwezi wa tisa 2019 ni ya primeri, katika shule za serikali, zikiwemo zile zinazosimamiwa na makanisa. Sheria ya 2014 iliingiza miaka miwili ya kwanza ya sekondari ndani ya elimu ya msingi, ndiyo maana tunasema wa saba na wa nane, na wazazi wengine wamefikiri kwamba kwa kubadilisha jina mlipaji naye amebadilika. Sivyo. Na kwa shule ya kibinafsi ni wewe unayelipa tangu siku ya kwanza.

Sisemi msizipeleke barua zenu. Zipo shule za kibinafsi zinazofundisha vizuri, mtoto anasoma maabara kwa mikono yake badala ya kuichora daftarini, na mwalimu analipwa kwa wakati kwa hiyo anakuja. Nimewaona waliotoka huko wakiingia chuo kikuu bila kutetemeka. Kama hesabu ya miaka 6 inakaa, peleka. Kama inakaa miaka 2 tu, usimwanzishie mtoto safari hiyo. Mpeleke shule ya konvansione, ile ya serikali inayosimamiwa na kanisa, au ya serikali yenyewe iliyo karibu, mlipie bila kukatika, na pesa inayobaki mnunulie vitabu. Examen d’État haimuulizi mtoto ametoka Golf au Katuba; watoto wa opsheni moja, yaani mchepuo mmoja, nchi nzima, hujibu mtihani mmoja.

Wale mtakaopeleka, ulizeni kwanza karatasi ya wizara inayoitambua shule, ile tunayoiita agrema. Ombeni muione kwa macho yenu, someni jina lililoandikwa juu yake. Shule nzuri haitakasirika. Rangi ya ukuta si agrema. Nimeona watoto waliofika mwaka wa mwisho wa sekondari ndipo wakaambiwa wataandikishwa kwenye mtihani kwa jina la shule nyingine, mzazi anakimbia huku na huku kutafuta namba. Ulizeni pia kama minervali ikichelewa mtoto anafanywa nini. Swali hilo wazazi huliona aibu. Liulizeni siku ya kwanza, mkiwa bado na pesa mkononi, maana hapo ndipo mtajibiwa kwa adabu.

Sasa testi yenyewe. Mara nyingi ni Kifaransa na hesabu: dikte, maswali juu ya kipande cha kusoma, sehemu na desimali, problemu moja au mbili, yaani hesabu za maneno. Kwenye hesabu watoto wetu hawana shida kubwa. Wanaanguka kwenye problemu kwa sababu hawajaelewa Kifaransa chake. Mtoto anajua kugawa, lakini hajui kwamba pale ameombwa kugawa. Dawa yake haitaki pesa. Kila jioni, kabla ya bukari, yaani ugali, asome ukurasa mmoja kwa sauti. Kisha akueleze kwa Kiswahili amesoma nini. Akishindwa kueleza kwa Kiswahili hajaelewa, arudie. Akiweza, basi aeleze tena kwa Kifaransa chake mwenyewe, hata kibovu. Mama asiyejua Kifaransa anaweza kuisimamia kazi hii vizuri kuliko mimi, kwa sababu mtoto hawezi kumdanganya kwa kukariri.

Shule nyingine huongeza mahojiano. Niliyasimamia, na nawaomba: muache mtoto ajibu. Baba mmoja alisimama nyuma ya kiti cha mwanawe, kila swali likija anakohoa kidogo kisha ananong’ona jibu. Nilimuuliza mtoto anapenda kufanya nini siku ambayo hakuna shule. Akamgeukia baba kwanza. Baba akasema, kusoma. Mtoto akasema, kusoma. Nilipomwomba baba atusubiri nje, mtoto alinieleza kwa dakika 10 jinsi anavyotengeneza magari ya waya, jinsi ya kukunja gurudumu lisipinde, mahali pa kuokota waya mzuri. Kifaransa chake kilikuwa na makosa mengi, na nikampa alama nzuri kwa sababu alikuwa anafikiri mbele yangu.

Makaratasi yatayarisheni mapema: cheti cha kuzaliwa, buletini za mwaka wa tano na wa sita, picha, na cheti cha mwisho wa primeri kitakapotoka. Shule nyingi huanza kuandikisha kabla matokeo ya taifa hayajafika, kwa hiyo msingoje.

Na msiguse pointi za buletini. Nimeshika mkononi buletini ambayo 48 imefanywa 68, wino mmoja unang’aa kuliko mwingine, na mtoto mwenyewe amekaa mbele yangu anaangalia meza. Alijua. Vivyo hivyo na bahasha anayopewa mtu wa ofisi ili jina lipite. Mtoto aliyeingizwa kwa bahasha anakwenda kukaa miaka 6 kati ya watoto wanaomzidi, na kila testi inamkumbusha.

Wanangu, kwenu nina maneno machache. Mkipokelewa shule kubwa, msiwacheke wenzenu wa kartie. Msipopokelewa, hamjapimwa akili yenu yote kwa asubuhi moja. Na mkifika shule yoyote ile mkasikia minervali haijalipwa, mwambieni baba au mama siku hiyohiyo, msifiche karatasi chini ya godoro kwa kuwaonea huruma. Deni la mwezi mmoja linazungumzika. La miezi minne ndilo linalowatoa watu darasani.

Wazazi, nina pendekezo moja. Tuna likelemba, mchango wetu wa pamoja, ya harusi na ya matanga. Tuanzishe ya minervali, nyumba 10 hivi, tuanze mwezi huu ili kila mwezi wa tisa na wa kwanza pesa iwe tayari. Mama wawili wa karibu na soko wamekwisha kukubali kushika daftari, nami nimeweka sehemu yangu ya kwanza.

Jumamosi saa nane mchana nitakuwa nyumbani, chini ya mwavokado. Leteni buletini ya kweli na karatasi ya bei za shule mnayoitaka, tufanye hesabu ya miaka 6 mstari kwa mstari. Mtoto aje na kalamu na kaye. Nitampa dikte fupi, na wakati anaandika nyinyi mtakaa ndani na mke wangu.

Mwalimu wenu wa zamani,
Katuba, Lubumbashi