Kumbukumbu zisizo na "nilikosea"

Mhariri,

Tangu nistaafu usomeshaji nimekuwa mtu wa vitabu vya kumbukumbu. Mke wangu asema nimeacha kuzungumza na walio hai, na simkatalii sana. Hivi karibuni nimerudia tawasifu ya Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, Sultani wa Unguja, iliyochapishwa Ujerumani mwaka 1886.

Wengi wanamjua kwa mpenzi wake Mjerumani na kuondoka kwake Unguja mwaka 1866. Mimi kilichonishika ni vita. Mwaka 1859 Barghash alipotaka kumpindua nduguye Majid, aliyekuwa Sultani, Salme alikuwa kigori wa miaka 15 tu. Lakini alikuwa amejifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, na kwa hiyo waasi wakamfanya karani wao. Njama ilivunjika, Waingereza wakamsaidia Majid, Barghash akapelekwa Bombay. Hapo ndipo mwandishi wa kawaida angetafuta wa kumlaumu. Salme anakiri kuwa alijuta. Alipopatana na Majid, wale wa upande wake wakamnunia. Hilo nalo kaliandika.

Sasa nitoke kwake nije kwenye vitabu vyetu vya Mapinduzi ya 1964. Cha John Okello, mmoja wa walioyaongoza, kilitoka 1967, na humo shujaa ni mmoja tu, mwenye kitabu. Mwaka 2009 mwanahistoria Mmarekani, Burgess, alitia ndani ya jalada moja maisha ya Ali Sultan Issa na ya Maalim Seif Sharif Hamad, wote wawili wazaliwa wa Pemba na wote wawili waliopata kuwa mawaziri wa elimu. (Mwalimu hawezi kulipita hilo bila ya kutabasamu.) Ukimaliza masimulizi ya kwanza ukaingia ya pili, utadhani umehamia kisiwa kingine. Sioni ubaya wa wazee kutofautiana. Shida yangu ni kwamba katika tawasifu nyingi za siasa zetu makosa huwa ya mwengine. Yakizidi, basi ni ya wakoloni.

Na siasa yetu imefuata mkondo huohuo. Novemba 2009 tulipata maridhiano ya CCM na CUF, na tarehe 31 Julai 2010 tukayapigia kura. Mimi nilikuwa foleni tangu alfajiri. Tulikubaliana tutawale pamoja, lakini nani alimtenda nini nani, hilo tulilifunika kawa. Oktoba 2015 uchaguzi ukafutwa, na barazani kwetu watu wakaanza tena kuhesabu machafuko ya chaguzi kuanzia 1961. Januari 2001, baada ya maandamano kuvunjwa kwa risasi, watu wa huku walivuka bahari mpaka Shimoni, Kenya. Habari zao nazisikia kwenye kahawa na misibani. Waliotoa amri siku zile, na waliozipokea, nao wanazeeka.

Sitaki tume, Mhariri. Nataka daftari. Gazeti lako litenge ukurasa, hata wa mara moja kwa mwezi, kwa mzee yeyote wa chama chochote atakayekuwa tayari kuandika jambo alilolifanya yeye mwenyewe na ambalo leo asingelifanya. Majina ya wengine yabaki nje.

Najua si jambo jepesi. Ami yangu alipigana vita vya Kagera na akarudi mwaka 1979. Kwa miaka zaidi ya 40 alichotusimulia ni viatu vilivyombana na baridi ya kule. Mwaka jana nikamnunulia daftari la kurasa 200. Mpaka sasa amejaza mbili. Sikuona humo shangwe za Kampala. Ameanza na Masaka, kule Uganda, namna mji ulivyobomolewa na majeshi yetu, na kwamba naye alikuwemo. Tangu hapo daftari liko chini ya mto wake, kalamu ndani, na mimi simharakishi.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba