Kosa si la Subaru, ni joto la oili lisilopimwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Jumapili iliyopita msomaji wenu mmoja wa Morogoro aliandika kwamba Subaru zenye tabo (kifaa kinachozungushwa na moshi wa egzosi ili kusukumia injini hewa zaidi) ni magari ya kula hela za watu. Kijana wake alinunua Impreza, akaiongeza nguvu, na kabla ya miezi minne ikanoki. Akawaomba wazazi wenzake wawazuie vijana wao wasiyaguse magari hayo. Barua ile niliisoma nikiwa gereji na iliniuma. Namwelewa mzazi aliyepoteza fedha, lakini aliyemtaja kuwa mkosaji siye.

Mimi ni fundi wa injini hapa Ipogolo, Iringa, huu ni mwaka wa 19. Anayeijua barabara yetu anajua kwa nini magari ya aina hii huishia kwangu. Ukitoka Dar es Salaam, ukapita Mikumi, ukamaliza joto la Ruaha Mbuyuni, unaukuta Mlima Kitonga. Unapanda kona baada ya kona nyuma ya semi lililojaa saruji, gia ya pili, mwendo wa mtu anayekimbia, na upepo hauingii mbele ya gari. Ikipatikana nafasi ya kupita unakanyaga mafuta mpaka chini, halafu unakutana na semi jingine. Kazi kubwa, hewa ndogo. Gari lililoongezwa nguvu linaweza kuzunguka Dar mwaka mzima bila kulalamika, likaja kunoki Kitonga katika safari yake ya kwanza ya Krismasi kwenda Mbeya.

Nieleze habari za mteja wangu mmoja, mwalimu wa sekondari, ambaye ameniruhusu nisimulie bila kumtaja jina. Alikuwa na Impreza WRX STI ya 2004, yenye injini ya EJ207 ya lita mbili, ambayo kutoka kiwandani Japani ina nguvu za farasi 280. Alibadilisha egzosi yote ikawa ya inchi tatu, akaweka intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) kubwa mbele ya rejeta, akaandikiwa upya programu ya kontroli boksi, ile kompyuta ya injini, ili tabo isukume hewa zaidi. Kazi ilifanywa vizuri, sina neno nayo. Lakini geji aliyoongeza ilikuwa moja tu, ya presha ya tabo, maana hiyo ndiyo inayopendeza kuitazama.

Desemba 2019 alipanda Kitonga saa nane mchana. Mshale wa temperecha ulikaa katikati kama siku zote. Alipofika Ilula alisimama kununua nyanya, na gari likiwa kwenye sailensi, yaani injini inawaka bila kukanyagwa, taa nyekundu ya oili ikaanza kukonyeza. Alipokanyaga kidogo ikazima, basi akaendelea na safari. Alifika kwangu injini inagonga kama mtu anayetwanga.

Nilipoifungua, oili iliyotoka ilikuwa nyeusi, nyepesi kama chai, inanuka kama mafuta ya kukaangia yaliyoungua. Beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) ya silinda ya tatu ilikuwa imekwanguka mpaka shaba inaonekana, na kranki, ile shafti kuu ya injini, imechimbika. Injini nyingine ya mtumba ilimgharimu shilingi milioni 6 na laki 2. Rejeta ya maji ilikuwa nzima, gasketi nzima, tabo nzima. Maji hayakuchemka hata dakika moja, na ndiyo maana hakuna kilichomshtua njiani.

Mshale wa temperecha kwenye dashibodi unasoma maji, hausomi oili. Na hata hayo maji, magari mengi yametengenezwa hivi kwamba mshale unasimama palepale katikati ingawa joto linapanda na kushuka, ili dereva asihangaike. Maji yana themostati (mlango unaofunguka kwa joto) na feni vya kuyalinda. Oili, kwenye magari mengi, haina mlinzi wa namna hiyo. Inarushwa chini ya pistoni, inapita kwenye beringi ambamo kranki inazunguka mara elfu kadhaa kwa dakika, inaingia ndani ya tabo ambayo upande wake mmoja unapigwa na moshi wa moto mkali, kisha inarudi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na joto lote hilo. Baadhi ya STI zilitoka kiwandani na kipoza kidogo kinachokaa pale kwenye filta na kupitishwa maji. Kinasaidia, ila kilipimwa kwa nguvu za kiwandani.

Baada ya injini ile niliamua kupima mwenyewe. Nilifunga geji ya joto la oili kwenye Impreza WRX yangu. Sensa nikaiweka kwenye sahani inayokaa kati ya bloku na filta (uzi wa filta ya Subaru ni milimita 20 kwa 1.5, kwa hiyo sahani ya Toyota haikai, usidanganywe dukani). Asubuhi ya kwanza mjini Iringa maji yalifika nyuzi 88 za Selsiasi baada ya dakika sita, na wakati huo oili ilikuwa 52. Kumbe miaka yote tunawasha, tunaona mshale wa maji umepanda, tunakanyaga, na oili haijawa tayari hata nusu.

Kisha nikashuka hadi Ruaha Mbuyuni, nikageuza saa tisa alasiri. Nyuma ya semi la kwanza maji yalisoma 95 na oili 118. Nilipolipita na kufika nyuma ya jingine, oili 127. Karibu na kilele, 134. Mshale wa dashibodi haukutikisika. Niliposimama, presha ya oili kwenye sailensi ilikuwa psi 9 (psi ni kipimo cha presha). Kitabu cha kiwanda kwa injini hizi kinataka isipungue 14 ikizunguka mara 600 kwa dakika, na 43 ikizunguka mara 5,000, oili ikiwa nyuzi 80. Ile taa nyekundu haikuwaka kabisa, kwa sababu imewekwa iwake presha ikiwa imekaribia kwisha. Anayeisubiri taa hiyo imwambie kitu anasubiri habari za msiba.

Kwa nini nyuzi 134 ziue beringi? Namba ya pili kwenye kopo la oili, iwe 30, 40 au 50, inaonyesha uzito wa oili hiyo ikiwa kwenye nyuzi 100. Joto likizidi hapo, oili inazidi kuwa nyepesi. Oili ya 40 ikifika 130 ni nyepesi kuliko oili ya 30 iliyo kwenye 100. Yaani umelipia 40, umeandika 40 kwenye kadi ya sevisi, lakini juu ya Kitonga beringi zako zinapata kitu chepesi kuliko 30, saa ileile tabo inasukuma zaidi na konrodi zinapigwa kwa nguvu zaidi. Utando wa oili unaotenganisha chuma na chuma unakatika. Isitoshe, oili yenyewe inaoza. Kwa makadirio tunayotumia mafundi, kila nyuzi 10 zinapoongezeka, kasi ya kuharibika kwake inakaribia kuwa mara mbili. Subaru nyingi za tabo zina kichujio kidogo kama wavu ndani ya bolti inayopeleka oili kwenye tabo, na masizi ya oili iliyoungua yakikiziba, tabo inakauka.

Wapo wanaojibu kwa kumwaga oili nzito, 20W-50 au zaidi. Mchana wa Kitonga inawasaidia kidogo. Lakini alfajiri ya Juni pale Mafinga oili hiyo inavutika kama asali, na inachelewa kufika kwenye tabo. Dawa ni kulishika joto lenyewe, na hapa nami nilikosea mwanzoni, kwa hiyo naomba wenzangu wasirudie.

Nilinunua rejeta ya oili iliyotumika, ya safu 19, kwa shilingi 380,000, nikaifunga moja kwa moja bila themostati. Kitonga ilishuka mpaka 106 na nilifurahi sana. Kisha Juni nikatoka Iringa alfajiri kwenda Njombe. Mpaka Makambako oili haikuvuka 66. Wiki iliyofuata nilipofungua kifuniko cha oili nilikuta utando mweupe kama mtindi. Injini inapochoma petroli inazalisha maji, na petroli kidogo nayo hupenya kwenye oili, hasa kwenye injini iliyoongezewa mafuta. Vitu hivyo hutoka kama mvuke oili ikifika nyuzi 90 mpaka 100. Isipofika hapo vinabaki humo vinaitafuna injini polepole. Nikabadilisha sahani, nikaweka yenye themostati, ambayo huifungulia oili njia ya kwenda kwenye rejeta inapokaribia nyuzi 80. Safari iliyofuata ya Njombe ilisoma 91, na Kitonga 109. Hapo ndipo nilipolala usingizi.

Mahali pa kuiweka rejeta hiyo pana maana kuliko ukubwa wake. Vijana wengi wanaibana mbele ya rejeta ya maji, ambayo tayari imefunikwa na intakula. Matokeo yake vitatu vinagombania hewa moja. Kwenye STI ya yule mwalimu niliiweka nyuma ya bampa, palipokuwa na kifuniko cha taa ya ukungu, kisha nikatoboa plastiki ya ndani ya madigadi ili hewa iliyoingia ipate pa kutokea. Hewa isiyo na njia ya kutoka haiingii. Na kwetu huku tuongeze kidogo, kwa sababu Iringa iko mita 1,600 hivi juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar. Rejeta inapata hewa pungufu ya kupoozea, na tabo inalazimika kuzunguka zaidi ili kufikisha presha ileile.

Jambo linalonitisha zaidi ni mipira. Wengi tunatengenezewa mipira kwenye maduka ya haidroli, kwa sababu wana mashine ya kubana na bei ni nafuu. Someni maandishi ya ubavuni au muulize dukani kabla ya kulipa. Mipira ya kawaida ya haidroli ya matrekta imepimwa mpaka nyuzi 100, na mimi nimewaonyesha oili inafika 134. Mpira huo unakakamaa, unapasuka, na oili inamwagikia egzosi. Niliwahi kuzima moto wa namna hiyo kwa mchanga pembeni mwa barabara, na mke wa mwenye gari na mtoto wao walikuwa wamekaa nyuma. Chukueni mpira wa kuhimili joto, wa inchi tano ya nane, uufunge mbali na egzosi, na kila unapopita kwenye bati uwekewe raba. Mkishawasha injini na njia ya rejeta ikafunguka, pimeni oili tena kwa kijiti, kwa sababu rejeta na mipira vimekunywa kiasi.

Hayo si mambo ya kubuni hapa Ipogolo. Porsche 911 zote mpaka 1998 zilikuwa na injini zinazopozwa kwa hewa bila maji, oili ndiyo ikibeba sehemu kubwa ya joto, na nyingi zilikuwa na rejeta ya oili kwenye madigadi ya mbele. Gari la aina hiyo, likiendeshwa na Mkenya Vic Preston Jr, lilimaliza la pili Safari Rally ya 1978. Waliokuwa wakikimbia kwenye vumbi lile waliijali oili kabla ya kitu kingine.

Kwa hiyo ombi langu kwa mafundi wenzangu ni moja. Kijana akija na fedha za egzosi na programu, mwambieni geji ya joto la oili inatangulia. Asipotaka, msiiguse kontroli boksi yake. Mimi nimeshawarudisha wateja watatu kwa sababu hiyo, wawili walikasirika wakaenda kwingine, na sijutii. Mwenye geji tayari, ikigonga 120 alegeze mguu, na akikaribia 130 aache kulazimisha kabisa hata kama semi linamkera. Akifika kileleni asizime papo hapo. Aende taratibu mpaka Ilula, tabo ipoe ndipo azime.

Na kwa mzee mwenzangu wa Morogoro: kabla hujaliuza gari la kijana kwa bei ya chuma chakavu, mwombe fundi aliyefungua injini akuonyeshe beringi za konrodi na akunusishe oili iliyomwagwa. Muulize pia kama kulikuwa na geji ya joto la oili, na ilisoma ngapi mara ya mwisho. Akikuonyesha shaba, lete bloku Ipogolo. Tutaipima kranki pamoja wewe ukiwa umesimama hapo, na kuipima sitakutoza.

Fundi wa injini,
Ipogolo, Iringa